Wasomaji Wauliza: Baiskeli Imenibana Mbele

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina baiskeli ya mbio dhidi ya saa niliyoinunua ikiwa imetumika. Urefu wangu ni sentimita 186. Nikilala kwenye pembe za usukani, yale mabomba mawili yanayochomoza mbele, magoti yanakaribia kugonga viwiko na mabega yananipanda hadi masikioni. Nimevuta pembe mbele mpaka mwisho, bado nabanwa. Ninunue ndefu zaidi?
— Msomaji, Jinja

JIBU: Pesa ibaki mfukoni kwanza, kaka. Mbele ya baiskeli hii kuna urefu wa aina mbili. Mmoja ni kutoka kiti hadi pedi za viwiko. Huo ni wa mwili. Mwingine ni kutoka pedi hadi ncha ya pembe. Huo ni wa mkono tu, kiwiko mpaka kiganja. Wewe umevuta wa pili, na kinachokubana ni wa kwanza. Viganja vimekwenda mbele, viwiko vimebaki palepale magoti yanapopanda.

Kwa uhakika, funga baiskeli kwenye trena, stendi ya kukanyagia papo hapo, kanyaga dakika kumi, kisha mtu akupige picha ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga. Angalia mkono kutoka bega hadi kiwiko. Mkono huo ukirudi nyuma kuelekea tumboni, pedi ziko karibu mno. Kiwiko kikae chini ya bega au mbele yake kidogo, kikunjwe digrii 90 hadi 105 hivi, na pedi ibebe nyama ya mkono sentimita chache mbele ya kiwiko, isikandamize mfupa.

Kiti usikiguse ili kupata nafasi. Kukirudisha nyuma kunatoa urefu, ndiyo, lakini nyonga zinajikunja zaidi na miguu inapoteza nguvu. Kama kilikuwa mbele kupita kiasi na unakirudisha mahali pake, hapo sawa. Kila sentimita 1 unayorudisha, kishushe milimita 3 hivi.

Sasa vya bure. Ondoa sponji ya pedi utazame kikombe chake: vingi vina matundu kadhaa, na aliyekuuzia huenda alifunga ya nyuma. Kukihamisha kwa tundu moja au mawili kunaweza kumaliza kesi. Ukisogeza pedi, rudisha na pembe zile ulizovuta, la sivyo utakuwa unaning'inia kwenye ncha kama popo.

Isipotosha, tazama shingo ya usukani, ile inayoshika usukani kwenye bomba la uma, linalopanda kutoka gurudumu la mbele kupitia fremu. Ikiwa ni ya kawaida, ya digrii 6, na imefungwa ikitazama juu, igeuze. Shingo ya milimita 110 kwenye fremu ambayo bomba la uma lina mwinamo wa digrii 72 ikigeuzwa inaongeza milimita 7 mbele na kushusha usukani milimita 22. Kushuka huko si kidogo; mgongo ukikataa, rudisha kimo kwa ringi chini ya pedi. Tena, ringi zilizo chini ya shingo zinachanganya watu: ukitoa ya milimita 10 na kuihamishia juu, usukani unashuka na pia unasogea mbele milimita 3, kwa sababu bomba la uma limelala.

La mwisho ni kununua shingo ndefu. Ongeza milimita 10, ukizidi sana 20. Pima kwanza kipenyo: bomba la uma huwa milimita 28.6, na usukani mara nyingi 31.8. Ukijikuta unahitaji shingo inayopita milimita 130, fremu ni ndogo kwako, na hakuna shingo itakayoificha hiyo. Kama usukani na shingo vimeundwa kipande kimoja, itabidi utafute sehemu ya mtengenezaji yuleyule.

Ufungaji ndipo wengi wanapoharibu. Bomba la uma liishie milimita 3 chini ya mdomo wa shingo, au chini ya ringi ya juu kama ipo. Likifika juu kabisa, kifuniko cha juu ya shingo kinabana bomba badala ya beringi na usukani utacheza. Kaza kifuniko kidogo kidogo, nyoosha usukani, ndipo ukaze boliti za pembeni mwa shingo kwa zamu, ukifuata namba ya nguvu ya kukaza iliyoandikwa kwenye shingo, mara nyingi Nm 5. Kisha bana breki ya mbele, weka kidole kwenye kiungo cha beringi, uma unapokutana na fremu, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Kidole kikihisi "tk, tk", legeza za pembeni uanze upya.

Halafu jaribu kwenye barabara tupu kabla ya kuingia barabara ya Kampala. Uzito umehamia gurudumu la mbele, na breki ziko kwenye usukani wa chini, mbali na viganja vyako. Pale Najjembe, wauza kuku wa mishikaki wanapokimbilia magari, hutaki kugundua kwamba mkono unachelewa kufika kwenye breki.

SWALI: Nimevuta pembe mbele milimita 30 na mikono imetulia vizuri. Tatizo, nikikata kona gia zinaruka zenyewe.
— Msomaji, Mbarara

JIBU: Dada, waya umekuwa mfupi. Gia zako ziko kwenye ncha za pembe, kwa hiyo zilipokwenda mbele milimita 30 zilivuta ganda la waya. Usukani ukigeuka, ganda linavutika, na mnyororo unadhani umebonyeza. Weka ganda jipya la milimita 4 na waya mpya wa milimita 1.2, ukate ukiwa umegeuza usukani hadi mwisho upande unaovuta zaidi. Usiunge kipande. Breki za mafuta nazo zikaguliwe ukibadili shingo: mpira wake haunyooki, na ukibadilishwa lazima hewa itolewe.

Pia chungulia nyuma ya kishikio cha pembe. Bomba lazima lipite kishikio chote na alama ya mwisho, kama ipo, isionekane. Bomba la kaboni likibanwa kwenye ukingo wake, hupasuka ndani kwa ndani. Paka grisi ya kaboni yenye chembechembe, siyo grisi ya beringi.

SWALI: Fundi wa Katwe anasema ataongeza urefu kwa kuchomelea bomba kwenye shingo, na kunitengenezea ringi za kuinua pedi. Nimwamini?
— Msomaji, Kampala

JIBU: Ringi, ndiyo, kukereza alumini ni kazi ya mafundi wa Katwe. Kuchomelea shingo, hapana. Joto linalegeza alumini pembeni mwa mshono, na tuta moja linatosha kukuachia usukani mkononi.

Ringi zikiongezeka, boliti nazo ziwe ndefu. Boliti ya M6, yaani yenye kipenyo cha milimita 6, huingia milimita 1 kila mzunguko. Hesabu mizunguko kwa alenki. Isipofika 9 kabla ya kukaza, ni fupi.

SWALI: Mashindanoni kuna kikomo cha kuvuta pembe?
— Msomaji, Mbale

JIBU: Kwenye mbio dhidi ya saa za UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, tangu 2023 inategemea kimo chako: chini ya sentimita 180, ncha isizidi sentimita 80 mbele ya mhimili unaozungusha mikono ya pedali; kuanzia 180 na chini ya 190, 83; kuanzia 190, 85. Kwenye triathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia) za wakubwa zinazoruhusu kumfuata mwenzako mgongoni, baiskeli hii hairuhusiwi. Kupima, simamisha baiskeli sakafu ikiwa sawa kwa pima maji, teremsha timazi kutoka katikati ya mhimili huo na nyingine kutoka ncha ya pembe, weka alama kwa chaki, upime kati ya alama hizo. Acha milimita 5 chini ya kikomo. Kipimo cha mwamuzi hakitalingana na chako.