Kabla Hujabeba Barua Kwenda Butembo

Msomaji mmoja wa Goma, mashariki mwa Kongo, ameniandikia wiki hii: apite wapi ili afikishe barua ya mama yake Butembo? Namjibu hapa hapa, maana najua wenye swali hilo ni wengi.

Mimi ya kwangu niliifikisha, na ninajivunia. Goma ilikuwa imeshachukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa, na mama mzee jirani yangu hajui kama mwanawe aliye Butembo yu hai. Akanipa barua nimpelekee. Nikashika njia ya Rutshuru, Kiwanja, hadi Kanyabayonga. Huko kote ni vumbi na kungoja.

Kusini mwa Lubero ndipo moyo ulipolipuka. Bariera yenyewe, kizuizi cha barabarani, ilikuwa kamba tu, imefungwa kwenye miti miwili. Kijana mwenye bunduki akachukua simu yangu, akapekua picha moja moja. Kisha akakunjua barua, akasoma kwa sauti: mbuzi amezaa, goti linauma, je, umeshaoa? Akanyamaza. Akairudia kimya kimya, akaikunja kwa kufuata mikunjo ileile, akanirudishia, akaishusha kamba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usifunge bahasha. Usibebe barua ambayo hujaisoma, hata akikupa mchungaji. Picha za askari zifute kabla hujatoka nyumbani. Na narudia: bahasha isifungwe! Msalaba Mwekundu wenyewe hupeleka ujumbe wa familia ukiwa wazi, habari za nyumbani pekee. Anzia kwao. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 kinatambua haki ya raia kupashana habari na jamaa zao vitani. Ni haki, si hisani ya mwenye bunduki.

Nilipofika Butembo, wapo walioniita jasusi kwa sababu tu nilitoka eneo la M23. Mpaka leo linanikaa rohoni. Jamani, tunaogopana mpaka salamu ya mzazi tunaiona silaha? Tumche Mungu.

Nawe uliyeniandikia, Msalaba Mwekundu wakishindwa, mwombe mama aandike upya. Aondoe nani anashika mtaa gani na nani kakimbilia wapi. Abakize habari za afya, watoto na shamba. Halafu msomee yote, neno kwa neno, kabla hujapanda pikipiki.