Usisaini hiyo fomu bado

Dada, pole sana kwa ajali, na ashukuriwe Mungu umetoka mzima. Unasema gari lako, Toyota IST, lina bima kubwa ya shilingi milioni 12, kampuni ya bima imeona halifai kutengenezwa, na sasa wanakuharakisha usaini fomu ya kukubali milioni 8.

Kwanza, ile milioni 12 ni kikomo tu. Kwa kawaida kampuni hulipa thamani ya gari sokoni lilivyokuwa kabla tu ya kugongwa, kwa hiyo hoja yako iwe bei ya soko. Omba kwa maandishi ripoti ya mkaguzi wao. Soma mwaka wa gari, kilomita na hali waliyoandika. Wakikosea hapo tu, bei inashuka sana. Kisha tafuta matangazo ya IST za mwaka huohuo zinazouzwa Dar, yapige picha, ambatanisha risiti za matengenezo. Uwezo ukiruhusu, lipia mthamini wako mwenyewe.

Waulize pia hiyo 8 imepatikanaje: wamekata kiasi gani cha mchango wako kwenye hasara (sehemu unayobeba mwenyewe), na mabaki ya gari yanabaki kwa nani? Ukiyachukua wewe, watakata thamani yake. Wakiyachukua wao, hakikisha kadi inahamishwa jina.

Fomu ikiandikwa "malipo kamili na ya mwisho", ukishasaini umejifungia mlango. Inauma kukaa bila gari, najua, lakini vumilia kidogo. Wakikataa kusogea, peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na barua zote mkononi.