Re: Namboole ilifungwa kwa nini, si wangejenga mpya tu?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini hawakujenga mpya. Namboole, uwanja wetu wa taifa hapa Uganda, si mzee kiivyo, ulifunguliwa 1997 kwa msaada wa Wachina ukapewa jina la Mandela, pale Bweyogerere barabara ya Jinja. Mifupa yake ilikuwa bado mizima, shida ni kwamba matunzo hayakuwepo, nyasi zimechoka, vyoo na vyumba vya kubadilishia aibu, sehemu kubwa watu wanakalia zege, na CAF, shirikisho la soka Afrika, siku hizi hawataki hayo. 2020 ikafanywa pia kituo cha wagonjwa wa Korona.

Kilichoniuma ni Cranes, timu yetu ya taifa, kugeuka wakimbizi, Machi 2023 tunacheza na Tanzania mechi ya "nyumbani" kule Ismailia Misri na tukafungwa 1-0, hebu fikiria, jirani kabisa huyu halafu tunakutana Misri! Na ni Namboole hiyohiyo ambapo 2016 mchezaji wetu Miya aliwafunga Comoros tukarudi AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, baada ya miaka karibu 40, mimi siku ile siisahau.

Ukarabati walipewa wahandisi wa jeshi, UPDF. Wakaweka viti kila mahali, taa, nyasi mpya, na Juni 2024 tukarudi tukampiga Botswana 1-0. Mechi za CHAN ya 2025, ile ya wachezaji wa ligi za ndani ya Afrika, zikachezwa hapo. Sasa AFCON 2027 tunaandaa na Kenya na Tanzania, kwa hiyo mimi nataka tu bajeti ya matunzo iwe ya kila mwaka, isisubiri CAF waje kukagua.