Kuonja divai isiyo na kileo: usiliamini funda la kwanza

Nilipoacha kileo miaka kadhaa iliyopita, nilinunua chupa ya divai nyekundu isiyo na kileo, nikaimimina katika bilauri ileile niliyoizoea, nikanywa funda moja, kisha nikaimwaga yote iliyobaki. Niliona ni maji ya zabibu yaliyotiwa siki. Kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa, kwa maana nilikuwa nikiitafuta divai niliyoiacha badala ya kukionja kinywaji kilichokuwa mbele yangu.

Wengi hudhani kwamba hii ni juisi tu, kumbe zabibu huchachushwa hadi zikawa divai kamili, ndipo kileo kinapotolewa, ama kwa kuipitisha divai katika machujio yenye matundu madogo mno, ama kwa kuipasha joto ndani ya mtambo uliopunguzwa hewa. Kwa kawaida kileo huchemka katika nyuzi 78 za Selsiasi, lakini hewa ikipungua huweza kutoka katika nyuzi 30 hivi, joto ambalo haliipiki divai. Shida ni kwamba hakitoki peke yake: huondoka na sehemu ya harufu, na huacha wazi uchachu na ukakasi ambao awali ulifunikwa na uzito wake. Pengo hilo watengenezaji wengi hulijaza kwa sukari, na ndiyo sababu siku hizi mimi husoma kwanza lebo ya nyuma ya chupa.

Anayeanza ningemshauri aanze na nyeupe yenye mapovu, iliyopoa sawasawa, kwa kuwa mapovu huuchangamsha ulimi na kuziba sehemu ya pengo hilo. Nyekundu ndiyo ngumu kuliko zote. Ikiwa tamu kupita kiasi, ubaridi huupunguza utamu. Ikiwa na ukakasi mwingi, ubaridi huuzidisha, kwa hiyo itoe kwenye jokofu mapema. Funda la kwanza lipite bila hukumu, kwani koo bado linangojea ule moto uliozoeleka. La pili lizungushe mdomoni polepole. La tatu ndilo la kuamulia. Nami nakiri kwamba chai nyeusi iliyokolezwa, ikapozwa na kuchanganywa na juisi kidogo ya zabibu, imenipendeza kuliko nyekundu nyingi nilizozionja.

Anayejiepusha na kileo kwa sababu ya dini, ujauzito au uraibu azichunguze tarakimu za lebo, kwa kuwa katika nchi kadhaa kinywaji chenye kileo cha chini ya asilimia 0.5 huruhusiwa kuuzwa kama kisicho na kileo. Kwa aliyetoka kwenye uraibu, harufu yenyewe inaweza kuiamsha hamu ya zamani, na huyo simshauri ajaribu kabisa.

Chupa ikishafunguliwa, ihifadhiwe kwenye jokofu na imalizwe ndani ya siku mbili au tatu, kwa sababu kileo kilichokuwa kikiizuia isiharibike hakimo tena.