Tovuti ya shirika imechakaa, tuanzie wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, mimi ni katibu wa shirika dogo linalohudumia watoto wenye ulemavu hapa Tanga. Tovuti yetu ilitengenezwa mwaka 2015 kwa WordPress na kijana aliyekuwa akijitolea, na sasa kijana huyo amehama. Kwenye simu maandishi hayasomeki, picha zinachelewa kufunguka, na ukurasa wa michango una akaunti ya benki tuliyokwisha kuifunga. Tunaogopa kwamba tukiibomoa tutapoteza baruapepe, pamoja na viungo tulivyoweka kwenye ripoti za wafadhili.

JIBU: Ndugu katibu, hiyo akaunti iliyofungwa iondoeni leo, msisubiri tovuti mpya. Mkiweka Lipa Namba, andikeni pia jina linalotokea kwenye simu ya mtoa mchango kabla hajathibitisha. Likitofautiana na la shirika, wengi huishia hapo.

Kisha ulizeni jina la tovuti limesajiliwa kwa nani. Likiwa kwa jina la yule kijana, mwombeni alihamishie kwa shirika sasa, wakati bado mnapatana. Nywila zishikwe na viongozi wawili.

Chukueni nakala ya mafaili yote na ya hifadhidata, maana WordPress huweka maandishi kwenye hifadhidata na picha kwenye folda ya wp-content. Ukiwa na kimoja bila kingine, huna tovuti. Nakala hiyo isikae kwenye seva ileile, yaani kompyuta inayobeba tovuti.

Hofu yenu kuhusu viungo ni ya kweli. Orodhesheni kila anwani ya zamani, na mbele yake anwani mpya, kisha wekeni uelekezaji wa kudumu, yaani 301, ili anayefungua anwani ya zamani apelekwe kwenye mpya. Kosa linalorudiwa sana ni kuelekeza kila kitu ukurasa wa mwanzo: mfadhili anabonyeza bajeti ya 2019, anaishia kwenye picha ya ufunguzi na kukata tamaa. Ripoti za PDF ziacheni palepale, kwa majina yaleyale.

Picha ya simu huwa na upana wa pikseli 4000 hivi na uzito wa MB 3 hadi 5. Kumi tu zinatosha kumaliza bando dogo la msomaji. Kuibana ionekane ndogo ndani ya ukurasa hakupunguzi uzito. Ipunguzeni kabla ya kuipandisha, upana pikseli 1200, uzito chini ya KB 200. Kwa picha za watoto, pateni ridhaa ya mzazi kwa maandishi (ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022), msiandike jina kamili wala shule, na futeni taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya picha. Hili tunawasihi sana.

Baruapepe hupotea pale mnapohamia seva nyingine na kubadili seva za majina (zinazotangaza tovuti na barua zenu ziko wapi) bila kunakili rekodi za MX, inayoonyesha barua zipelekwe wapi, na za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli. Zinakilini kwanza. Siku moja kabla, shusheni TTL (muda ambao kompyuta nyingine hukumbuka rekodi ya zamani) hadi sekunde 300, ili mkikosea kwenye rekodi mrudi nyuma kwa dakika chache; kubadili seva za majina zenyewe kwaweza kuchukua hadi siku moja au mbili. Kama masanduku ya barua yako kwenye seva ya zamani, pakueni barua zote, na seva hiyo muilipie mwezi mmoja zaidi.

Tovuti mpya ikijengwa pembeni, fundi huizuia isionekane Google. Siku ya kuifungua, ingieni kwenye mipangilio ya usomaji ya WordPress mhakikishe alama ya tiki inayoizuia Google imeondolewa.