Neil Young kwa Kipimo cha Gitaa Moja

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: chagua mtunzi mkongwe wa roki unayemjua vizuri, panga nyimbo zake kumi bora, na useme kigezo chako. Mtunzi wangu ni Neil Young, Mkanada aliyezaliwa Toronto mwaka 1945. Kigezo changu ni hiki: uvue wimbo besi, ngoma na magitaa ya umeme, umwache mwimbaji na chombo kimoja tu, kisha usikilize kilichobaki. Kwa Young hatulazimiki kukisia, maana nyimbo zake nyingi kubwa amezipiga kwa sura zote mbili: peke yake, na akiwa na Crazy Horse, bendi yake ya kelele nzito. Rekodi zipo. Mtu anaweza kuzisikiliza moja baada ya nyingine na kuona wimbo upi ulikuwa unabebwa na bendi na upi ulikuwa unaibeba bendi.

Namba moja ni "Powderfinger". Wengi wanaujua kutoka albamu ya Rust Never Sleeps ya 1979, ambayo sehemu kubwa ilirekodiwa jukwaani mwaka 1978 na kelele za watazamaji zikaondolewa. Lakini Agosti 1976 Young alikuwa ameshaurekodi huko Malibu, usiku mmoja, kwa gitaa kavu lisilo la umeme, pamoja na nyimbo nyingine tisa. Kanda hiyo ilikaa zaidi ya miaka 40 hadi ilipotoka mwaka 2017 kwa jina la Hitchhiker. Ukiisikiliza, hakuna kinachokosekana. Msimulizi ni kijana wa miaka 22. Mashua nyeupe inapanda mto ikiwa na bunduki kubwa, na watu wazima wote ambao wangeamua la kufanya hawapo au hawajiwezi. Anashika bunduki ya baba yake, anafikiri, anachelewa. Mashairi hayasemi risasi ilitoka wapi. Ubeti wa mwisho ndio unaotufahamisha kwamba muda wote tulikuwa tunasikiliza maneno ya marehemu.

Hauna kiitikio. Pale ambapo kiitikio kingekaa, gitaa linapiga kipande kifupi kile kile, na hapo ndipo wapigaji wengi huharibu. Wanakichukua kama nafasi ya kuonyesha vidole, wanaongeza mwendo, na wakirudi kwenye ubeti mwimbaji anakimbizana na maneno. Kile kipande ni pumzi ya msimulizi. Kipige kwa mwendo ule ule wa beti, na usiongeze noti. Kosa la pili ni la mwimbaji kulia mapema. Kijana hajui kwamba atakufa hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo beti za mwanzo ziimbwe kama mtu anayetoa taarifa. Young alikuwa tayari amewapa bendi ya Lynyrd Skynyrd wimbo huu waurekodi wao, lakini ajali ya ndege ya Oktoba 1977, iliyowaua baadhi yao, ikatangulia. Hili liwakumbushe wanaodhani kwamba yale majibizano yao kuhusu "Southern Man", wimbo wa Young ulioishutumu Kusini mwa Marekani, yalikuwa uadui.

Namba mbili ni "Cortez the Killer", kutoka albamu ya Zuma ya 1975. Una kodi tatu tu, yaani mafungu matatu ya noti zinazolia pamoja, tangu mwanzo hadi mwisho: Em7, D na Am7. Unachukua zaidi ya dakika 7, na dakika 3 za mwanzo zinapita kabla mtu hajafungua mdomo. Ukiutazama kwenye karatasi ni wimbo wa mwanafunzi wa wiki ya pili. Siri iko kwenye kutyuni, yaani namna nyuzi zinavyokazwa.

Nyuzi mbili za E, wa kwanza na wa sita, zinashushwa toni nzima ziwe D. Nne za katikati zinabaki zilivyo. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba unapata D A D G B D. Sasa tazama kinachotokea. Kwa Em7, bana freti ya pili (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) kwenye nyuzi za sita, tano na nne, zilizobaki ziache wazi: uzi wa kwanza unalia D, ambayo ndiyo ile noti ya saba inayotajwa kwenye jina la Em7, umeipata bure. Kwa D, bana uzi wa tatu freti ya pili na uzi wa pili freti ya tatu: uzi wa kwanza bado unalia D. Kwa Am7, bana uzi wa nne freti ya pili na uzi wa pili freti ya kwanza, uzi wa sita usiuguse: D ile ile inalia juu, ingawa hata si mwana wa kodi hiyo. Kodi tatu zinabadilika chini, noti moja haiondoki juu. Ndiyo maana wimbo unaelea bila kutua popote. Mtu akiupiga kwa kutyuni ya kawaida, ile Am7 inapata E juu yake, inatulia, inajifunga, na baada ya mizunguko miwili msikilizaji anaanza kutazama saa.

Namna ya kushusha: piga uzi wa nne, ambao ni D tayari, halafu legeza wa sita hadi uwe D ile ile oktava moja chini. Fanya hivyo hivyo kwa wa kwanza, oktava moja juu. Usiishie kwenye kulegeza. Pitiliza kidogo chini kisha kaza kupanda hadi noti, kwa sababu uzi ulioachiwa kwenye mlegezo huendelea kuteleza ukiwa katikati ya wimbo. Ukimaliza, pima tena nyuzi nne za katikati. Mvuto kwenye shingo ya gitaa umepungua, na hizo nne zitakuwa zimepanda kidogo. Wengi hawafanyi hatua hii ya mwisho, kisha wanalaumu gitaa. Nyuzi nyembamba sana zikishushwa hupiga kelele kwenye freti. Seti nene kidogo inatulia zaidi.

Kuhusu mashairi, historia yake ina kasoro. Cortés, mvamizi Mhispania, alifika Meksiko mwaka 1519, na taifa la Waazteki la mfalme Moctezuma alilolikuta lilikuwa taifa la vita na kafara, si ile paradiso isiyojua vita inayoimbwa. Wimbo naupenda pamoja na kasoro hiyo kwa sababu ya kinachotokea karibu na mwisho: msimulizi aliyekuwa akizungumzia wafalme na merikebu ghafla anasema "mimi", na kuna mwanamke mahali fulani ambaye njia ya kumfikia ameipoteza. Neno moja dogo linageuza kila kilichotangulia. Waliokuwepo wamesimulia kwamba ubeti mmoja ulipotea kwa hitilafu ya umeme wakati wa kurekodi. Ulivyo sasa, hakuna pengo.

Namba tatu, "The Needle and the Damage Done". Dakika 2 hivi, mtu mmoja na gitaa, mbele ya watu katika ukumbi wa Royce Hall wa chuo kikuu cha UCLA, tarehe 30 Januari 1971. Rekodi hiyo ndiyo iliyoingia kwenye albamu ya Harvest mwaka uliofuata. Besi inashuka kutoka D hadi C, kisha B, kisha Bb. Hatua ya kwanza ni toni nzima, mbili zinazofuata ni nusu nusu, kama mtu anayeteremka ngazi ambazo zinazidi kufupika. Usichape nyuzi zote kwa pamoja, maana besi itazama. Kila kodi anza kwa noti ya chini peke yake, iache isikike, ndipo uguse za juu. Wimbo ulikuwa onyo kuhusu heroini, na Danny Whitten, mpiga gitaa wa Crazy Horse, alikuwa bado hai ulipoimbwa na hata albamu ilipotoka. Alifariki tarehe 18 Novemba 1972.

Namba nne ni "After the Gold Rush" wa 1970, kinanda na sauti, na tarumbeta moja laini ya flugelhorn inayopita katikati. Hakuna ngoma, hakuna besi. Beti tatu: zamani za mashujaa wa farasi, sasa ya magofu, na kesho ya vyombo vya angani. Jukwaani Young amekuwa akibadilisha mstari unaotaja miaka ya 1970 na kuweka karne ya 21, na mstari haujachakaa hata kidogo. Anayetaka kuuimba ajue kwamba sauti yake iko juu sana. Ushushe ki, yaani kimo cha wimbo mzima, kabla ya kuanza badala ya kukwama katikati.

Tano: "Like a Hurricane". Rekodi ya American Stars 'n Bars ya 1977 ni zaidi ya dakika 8, na karibu yote ni gitaa. Ningedhani wimbo wa namna hii ungeporomoka ukivuliwa nguo, lakini mwaka 1993, kwenye Unplugged, kipindi cha MTV cha muziki bila magitaa ya umeme, aliupiga kwa kinanda cha kukanyaga upepo na harmonika, na melodi ikasimama wima kama mlingoti.

Hapa niseme jambo kuhusu sauti ya gitaa lenyewe, kwa sababu wanaojaribu kuipata hutumia fedha mahali pasipofaa. Gitaa lake la Old Black ni Gibson Les Paul ya 1953 iliyopakwa rangi nyeusi na kufungwa mkono wa Bigsby wa kutikisia nyuzi. Amplifaya ni Fender Deluxe ndogo ya 1959, yenye wati 15 hivi, na vitufe vyake vinaishia 12, si 10. Ule mkwaruzo unatokana na amplifaya ndogo iliyozidiwa. Mtu akinunua amplifaya ya wati 100 lazima aifunge sauti ili majirani walale, inabaki safi, kisha anaongeza kifaa cha mguuni ili ikwaruze. Atapata mkwaruzo, lakini noti zitakuwa nyembamba kama uzi wa cherehani. Chukua ndogo uifungue. Young hata ana mtambo unaogeuza vitufe vya amplifaya kwa mota akiwa amesimama mbali, akiuamuru kwa mguu. Lengo ni kutokuweka kitu kingine kati ya gitaa na amplifaya.

"Ohio" ni wa sita. Tarehe 4 Mei 1970 askari wa Ulinzi wa Taifa waliwaua wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent State, jimboni Ohio, Marekani. Tarehe 21 mwezi huo huo Crosby, Stills, Nash na Young walikuwa studio. Kutyuni ni ile ile ya D mbili. Kwenye kutyuni hiyo D niliyoieleza juu ina D na A tu. Noti ya tatu, inayoamua kama kodi ni meja (ya mlio mwangavu) au maina (ya mlio wa huzuni), haipo. Kwa Dm, yaani D maina, unaongeza F kwenye uzi wa kwanza, freti ya tatu, na giza linaingia. Peke yake aliupiga katika ukumbi wa Massey Hall, Toronto, Januari 1971, na hasira iko pale pale bila sauti nyingine tatu. Nimeuweka sita kwa sababu unaegemea tukio lake. Asiyejua kilichotokea anahitaji kuelezwa.

Saba, "Cinnamon Girl" wa 1969, tena kwa kutyuni hiyo. Solo yake ni noti moja, D, inayorudiwa na kurudiwa. Watu hucheka, kisha wanajaribu, wanaona kwamba si rahisi. Kila pigo lina uzito wake. Msaada uko kwenye nyuzi: freti ya tatu ya uzi wa pili na uzi wa kwanza mtupu ni noti ile ile, basi zinagongana na kunenepa. Aliwahi kuupiga kwa kinanda katika klabu ya Cellar Door, Washington, mwaka 1970, na ukapita mtihani, ingawa kwa alama chache.

"Harvest Moon" (1992) ni wa nane. Shusha uzi wa sita uwe D, piga Em7, kisha D6 ikifuatwa na Dmaj7. Kinachosogea ni uzi wa pili, kutoka mtupu hadi freti ya pili. Ule mlio wa "shaa" unaosikika ni ufagio unaofagia sakafu, na hakuna brashi ya ngoma inayofanana nao. "Rockin' in the Free World" (1989) ni wa tisa: albamu ya Freedom inafunguliwa na toleo kavu na kufungwa na la umeme. Wanaouimba kwenye mikutano ya siasa husikia kiitikio tu na kuruka ubeti wa mama anayemtelekeza mtoto wake.

"Heart of Gold" ni wa kumi, na najua wasomaji watalalamika, maana ndio pekee uliomfikisha namba moja kwenye chati ya Billboard, mwaka 1972. Ni mzuri. Ila uzuri wake mwingi ni wa rekodi ile ya Nashville: ngoma chache mno za Kenny Buttrey, gitaa la kulazwa (pedal steel) la Ben Keith, sauti za Linda Ronstadt na James Taylor mwishoni. Kule Massey Hall aliupiga kwa kinanda, umeunganishwa na "A Man Needs a Maid", na unasikika kama kipande cha wimbo mwingine. Kwa anayetaka kuupiga: harmonika ni ya G, si ya E. Wimbo unaanzia Em, lakini Em na G zinatumia noti zile zile, na ukinunua ya E utagombana na gitaa kuanzia pumzi ya kwanza.

"Down by the River" nimeuacha nje kwa makusudi. Studio unazidi dakika 9, na Crazy Horse wanaweza kuzungusha Em7 na A usiku kucha bila kuchosha. Massey Hall, akiwa peke yake, ni dakika 4 hivi, na muda mwingi sikio linasubiri bendi iingie.