Jibu: Eti anayekunywa Nile Special hajui bia?

Ndugu, umeuliza kama rafiki yako ana haki kudai kwamba bia halisi ni ya viwanda vidogo tu, na wanywaji wa Nile Special na Eagle, bia za viwanda vikubwa Uganda, hawana ulimi. Hana haki. Lager nyepesi, aina ya bia kama hiyo Nile Special, ni ngumu kupika kuliko anavyodhani: haina uchungu mwingi wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) wa kuficha kasoro, na chupa ya leo lazima ifanane na ya jana. Eagle nayo, tangu 2002, hupikwa kwa mtama wa Epuripur, mbegu iliyotoka Serere, mashariki mwa Uganda. Hopsi anazozisifu huagizwa ng'ambo!

Simkatalii yote. Akitaka harufu ya machungwa au uchungu wa kukaa ulimini, aende kwa wapishi wadogo. Bei iko juu kwa kuwa wanapika kidogo kidogo.

Ila kama hoja ni ufundi wa mikono, mpeleke Soroti, mashariki huko huko, akanywe ajono, bia ya kienyeji ya Wateso: ulezi uliochachushwa, maji ya moto yakimiminwa chunguni, kila mtu na mrija wake mrefu. Tena muulize, bia yake anainywa baridi kiasi gani? Ikiwa barafu tupu, hiyo ladha anaisikia wapi?